Kamera Isiyo na Kioo

Mwaka ule vichaka vya Itigi havikuchanua. Mvua ilikuja kwa kubahatisha, ikanyesha kidogo ikaghairi, na nyuki wakakaa mizingani bila cha kuleta. Warina asali waliozoea kutoka porini na ndoo zilizojaa sasa walitoka na ndoo ambazo ukizitikisa zinalia. Wachuuzi wengi wa stesheni walihamia kwenye karanga na mayai ya kuchemsha, wakasema asali itarudi Mungu akipenda.

Asnath hakuhamia popote. Yeye alikuwa Mama Asali. Abiria walimwita hivyo wakiwa bado madirishani, treni haijasimama, na Itigi nzima ilimwita hivyo, kuanzia mchungaji mpaka watoto wake mwenyewe wakitaka kumtania. Ukishaitwa kwa jina la bidhaa yako, si rahisi kuamka asubuhi ukauza karanga.

Basi akatafuta njia. Nyuma ya kibanda chake, katikati ya mabati na uzio wa reli, palikuwa na kichochoro ambacho akina mama wa sokoni walikitumia kwa shughuli zao: kunawa, kufunga khanga upya, kunyonyesha kwa utulivu. Pale akawasha jiko la mkaa, akabandika sufuria ya maji na sukari, akachemsha mpaka ikawa nzito, akaimimina kwenye ndoo yenye asali kidogo iliyobaki, akakoroga. Tusimsingizie: mara ya kwanza alikoroga akigeuka nyuma kila mara, na jioni yake hakwenda mazoezi ya kwaya. Mara ya pili aligeuka mara moja tu. Baadaye akawa anakoroga huku anaimba.

Asubuhi moja alikuwa hapo, kilemba amekivua kwa sababu ya joto, khanga ameikunja mpaka magotini, sufuria mkononi anamimina, akasikia kitu kimelia *klak*. Ni sauti kavu ya chuma, kama komeo la sanduku. Aliinua kichwa. Joshua alikuwa amesimama mwanzo wa kichochoro na ile kamera yake usoni.

Huyu Joshua alikuwa mtoto wa Severina, mwenzake Asnath wa kwaya, na alikuwa fundi wa kuandika mabango. Saluni, duka la dawa za mifugo, genge la chipsi, yote yaliyoandikwa vizuri pale Itigi ni mkono wake. Ile kamera aliirithi kwa baba yake mdogo, aliyekuwa akizunguka nayo minadani hadi Mtinko, enzi ambazo mtu akienda kupiga picha anaazima tai kwanza. Ni kamera nzito ya chuma, haina betri, kila kitu unazungusha kwa vidole, na inatumia mkanda wa filamu. Mikanda yenyewe aliiagiza Dar es Salaam na kuirudisha hukohuko kusafishwa ili picha zitoke, kisha akangoja. Hakupiga watu waliojipanga. Alipiga barabara: mama anashusha mzigo, mzee kasinzia juu ya magunia, mbuzi wanapanda jukwaa la stesheni kama abiria waliochelewa. Watu walikwisha kumzoea. Walisema anapiga hovyo tu, mbona picha zenyewe hatuzioni.

"Shikamoo, mama," alisema Joshua akitabasamu.

Asnath hakuitikia. "Umenipiga?"

"Nimepiga mvuke, mama. Jua limepenya pale kwenye bati, likaukuta mvuke wa sufuria yako, nikashindwa kuacha."

Lakini Asnath hakusikia habari ya mvuke. Aliona alichodhani kamera imekiona: mfuko wa sukari umesimama wima na maandishi yake, sufuria imeinama, ndoo imefumbua mdomo. Aliwaona abiria madirishani wakipokezana ile picha. Damu ilimpanda mpaka masikioni.

"Futa," alisema. "Futa hiyo picha nione."

"Hii haifutiki, mama. Ni ya mkanda."

"Nimekwambia futa!"

Safari hii alipiga kelele, na sokoni kelele ya mama mtu mzima haipuuzwi. Wa kwanza kufika alikuwa Dorika, muuza dagaa wa kibanda cha pili, nyuma yake Miraji wa bodaboda na kofia yake ngumu mkononi, na nyuma ya Miraji kila aliyekuwa hana mteja.

"Kuna nini, Mama Asali?"

"Amenipiga picha."

Dorika alimtazama. Aliona kichwa wazi, aliona khanga iliyopanda, aliona mvuke bado unafuka nyuma yake. "Mungu wangu," alisema, "kwani ulikuwa unaoga?"

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yake. Angesema hapana. Neno moja lingetosha, na hata angeliongezea uongo mdogo, kwamba anachemsha maji ya chai, mambo yangeishia palepale. Lakini kila jibu lililomjia lilikuwa linaelekea kwenye ile sufuria, na hakutaka mtu yeyote aitazame sufuria. Akaishusha khanga mpaka miguuni, akainamisha kichwa. Akasimama mbele ya mfuko wa sukari, ukafichika nyuma ya nguo zake.

Watu wakajijibu wenyewe.

Miraji alimpokonya Joshua kamera, akaigeuza nyuma. Akaigeuza tena. "Kioo kiko wapi?" aliuliza. "Mbona haina kioo? Picha unazionea wapi wewe?"

"Haina. Kamera za zamani hazina."

"Ameficha kioo!" mtu alidakia. Kwa kweli kamera isiyo na kioo ilitutisha. Tumezoea simu: ukipigwa usipotaka unasema futa, mwenzako anafuta mbele ya macho yako, mnacheka yanaisha. Hii ilikuwa inameza watu na haionyeshi imemeza nini.

"Ulikuwa unapiga nini huku nyuma kwa akina mama?" aliuliza Dorika.

"Mvuke," alisema Joshua.

Loo! Afadhali angenyamaza. Kicheko kilichotoka pale hakikuwa kizuri. "Mvuke wa maji ya kuoga!" alisema Dorika, na mama mmoja akavua kandambili.

Joshua alimgeukia Asnath. Hakuwa anatabasamu tena, ila sauti ilikuwa bado ya mtoto anayezungumza na mama yake. "Mama, sema wewe. Huu mkanda ukienda kusafishwa kila mtu ataona nilichopiga. Niacheni niupeleke. Mkiufungua sasa, mwanga unaunguza zote. Humu mna picha za tangu mwezi wa sita. Mama, waambie."

Asnath alielewa vizuri kabisa. Mle ndani ya kile chuma mlikuwa na kitu kimoja tu ambacho kingemtoa kijana huyu mikononi mwa watu, na kitu hichohicho kingemzamisha yeye. Watu walikuwa wanamngoja.

"Aifungue," alisema.

Joshua aliichukua kamera kwa Miraji ili wasije wakaivunja. Akaifungua mgongo mwenyewe, akauvuta mkanda wote nje mpaka mwisho, ukaning'inia juani ukiwa wa kijivu na usio na kitu. Dorika aliukanyaga. Kisha wakamtoa Joshua sokoni kwa kusukumana, na Asnath akabaki na sufuria yake, salama.

Usalama wenyewe haukudumu hata mpaka treni ya jioni. Alipomuuzia abiria chupa, mwenzake aliyekuwa dirishani alisema, "Pole mama, tumesikia." Habari ilikuwa imekwisha kupanda treni. Kesho yake Dorika alimletea dagaa wa bure. Akina mama wa kwaya walikuja nyumbani kumpa pole, wakakaa mkekani wakimlaani Joshua, na Asnath aliwachemshia chai huku mashavu yakimuwaka. Kila pole ilimwingia kama mwiba, na alilazimika kuitikia asante.

Severina hakuja. Kwenye mazoezi ya kwaya kiti chake kilikuwa kitupu. Mteja aliyekuwa akimnunulia Joshua rangi ya bango lake alimwambia asubiri kwanza. Mwenye saluni alifuta maandishi yake ukutani akamwita fundi kutoka Manyoni, ambaye herufi zake zilikuwa zinaanguka upande mmoja kama mlevi. Halafu likaja lile kubwa: Joshua alikuwa amepeleka posa kwa kina Yustina, na jibu lilikuwa linangojwa wiki hiyo. Wazee wa Yustina waliwarudisha washenga bila kuwakaribisha ndani. Walisema hawaozi binti yao kwa mtu anayechungulia mama zake wakioga.

Asnath aliposikia hilo alikaa chini palepale alipokuwa, kwenye kizingiti. Aliona aibu. Si ile ya kuonekana, aliyoikimbia kichochoroni. Hiyo angalau mtu anaweza kukimbia. Hii ilikuwa imekaa naye ndani, inakula naye. Alikuwa amesaidia kumlea Joshua. Alimbeba mgongoni siku Severina alipolazwa, akampa asali ya kwenye kidole alipoota meno. Alijichukia, na kujichukia hakukumsaidia Joshua chochote.

Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Isaka, aliitisha kikao chini ya turubai la ofisi yake. Watu walijaa. Joshua aliulizwa, akasema alichokwisha kusema: alipiga mvuke, hakuna uchi aliouona. Walipomuuliza mama alikuwa anafanya nini, akasema alikuwa anamimina kitu kwenye ndoo, hakuangalia ni nini, yeye alikuwa anautazama mwanga.

Asnath alisikia hilo akainua kichwa. Kumbe hakuwa ameona. Ameshika kamera, amesimama hatua chache kutoka kwenye sukari, na alichokiona ni jua tu. Hata ule mkanda ungerudi umesafishwa, labda yangeonekana mawingu meupe na kivuli cha mwanamke. Angeitikia marahaba siku ile akanyamaza, yangeisha.

Mzee Isaka alitoa uamuzi: mbuzi mmoja wa kumfuta mama machozi, na kijana apige magoti aombe radhi mbele ya kikao. Severina, aliyekuwa amejifunika khanga usoni tangu mwanzo, alianza kulia bila sauti.

"Mwenyekiti," alisema Asnath. "Naomba kusema."

"Sema, mama yetu."

"Joshua hana kosa. Sikuwa naoga. Nilikuwa nachanganya sukari kwenye asali."

Alihisi kitu kama nafuu, kama mtu aliyetua debe la maji kichwani. Angojee sasa matusi, basi. Alikuwa tayari.

Mzee Isaka alicheka taratibu, kicheko cha upendo. "Mama Asali," alisema, "huruma yako tunaijua. Lakini usijipake matope kwa ajili ya mtoto wa mwenzio."

"Ni kweli, mzee. Miezi yote hii, sukari."

"Asali yako niliinunua juzi. Nikachovya njiti ya kiberiti mwenyewe, nikaikwaruza, ikawaka. Asali ya sukari haiwaki. Nani hajui?"

"Hata yangu iliwaka!" alisema mtu nyuma. Hiyo njiti! Sijui nani alituambia kwamba kiberiti kinajua asali, lakini Singida nzima tunakiamini kuliko mate yetu. Asnath alifungua mdomo aeleze, akaona nyuso zilizomzunguka. Zote zilikuwa zinampenda. Dorika alikuwa anafuta machozi.

"Mnaona moyo wa mama?" alisema Dorika. "Yupo tayari kuitwa mwizi ili kijana aoe!"

Wakapiga makofi. Asnath aliwaza kusema waulizeni mkanda, kisha akakumbuka mkanda uko wapi, na nani alisema ufunguliwe.

Kwa ajili ya huruma hiyo mbuzi alisamehewa na kupiga magoti kukasamehewa. Kosa halikusamehewa, walisema tu mama ameamua kulifunika. Watu walipoanza kutawanyika, Severina alimjia. Alimshika mikono yote miwili akapiga magoti yeye mwenyewe, mwanamke wa umri wake, kwenye vumbi.

"Mungu akubariki, dada," alisema. "Umemfunika mwanangu. Nilikuwa sijui nitaishije na alichokifanya."

Joshua alikuwa amesimama nyuma yao. Alilisikia neno hilo: hata mama yake alikuwa ameamini. Asnath alimwona akimtazama mama yake, na kwenye uso wake kitu kikazimika ambacho kandambili na kicheko cha sokoni havikuwa vimekizima. Aligeuka akaondoka bila kuaga mtu.

Siku ya soko iliyofuata, Asnath alilitoa jiko kichochoroni akaliweka mbele ya kibanda, barabarani, pale abiria na wanunuzi wanapopita. Akabandika sufuria. Mfuko wa sukari akauweka juu ya meza, maandishi yake yanatazama watu.

"Leo unatupikia nini, Mama Asali?" aliuliza Miraji juu ya pikipiki yake.

"Asali."

Miraji alicheka. Watu walicheka, wakasogea waone utani unaishia wapi. Asnath alimwaga sukari kwenye maji. Akakoroga. Alisubiri ichemke, na kusubiri sukari ichemke mbele ya soko zima ni kazi. Hakuwa na pa kuyaweka macho. Ilipokuwa nzito aliinua sufuria kwa khanga, akaimimina kwenye ndoo, akakoroga, akachota chupa moja, akaifunga, akaipanga pamoja na zile nyingine. Zikawa sawasawa. Hakuna jicho ambalo lingezitenganisha.

Akachovya njiti, akaifuta pembeni ya chupa, akaikwaruza. Ikawaka.

Kicheko kilikuwa kimekwisha zamani. Dorika aliyatazama mafungu yake ya dagaa kana kwamba mtu ameyabadilisha. Mzee Isaka alikuja akaonja kwa kidole, akatema, akaondoka. Mtu mmoja akasema "Kumbe kweli," kwa sauti ndogo, na neno hilo likatembea kutoka mdomo hadi mdomo mpaka mwisho wa soko. Kisha ndipo matusi yalipokuja, na yalikuwa mengi.

"Miraji," alisema Asnath, "nenda kaniitie Joshua. Mwambie aje na kamera."

Miraji alisita. Kisha akaiwasha pikipiki.

Joshua alikuja amekaa nyuma ya Miraji, na mama yake, aliyekwisha kusikia ukweli kwa Miraji, alifuata kwa miguu, anahema. Watu walimpisha. Alifika mbele ya meza akasimama. Sote tulingoja shikamoo. Asnath alikuwa na marahaba mdomoni tayari. Haikuja. Kijana yule ambaye hajawahi kumpita mtu mzima bila kumsalimia aliangalia sufuria, akaangalia jua, akaanza kuzungusha vile vipete vya kamera yake.

"Endelea kukoroga, mama," alisema. "Nataka mvuke."

Asnath akarudisha sufuria motoni, akakoroga. Simu ingekuwa imekwisha kupiga mara kumi. Ile kamera haina haraka. Joshua alipima mwanga kwa macho, akazungusha kipete kimoja, akarudi nyuma hatua, akazungusha kingine, akachuchumaa, akabadili mawazo, akasimama tena. Muda wote huo Asnath alikuwa amesimama na mwiko mkononi mbele ya watu walionunua kwake, waliomlilia, waliompigia makofi, na hakukuwa na kitu cha kujifunika. Jasho lilimtiririka. Alitamani ile *klak* aliyoikimbia ije upesi.

Ikaja. Joshua alivuta kile kijiti cha kuusogeza mkanda, akaitazama kamera, akatikisa kichwa.

"Umeangalia chini, mama," alisema. "Narudia. Inua uso."

Asnath aliinua uso. Kwanza aliwaona watu wote, kisha akamwona Severina. Alikuwa amesimama nyuma ya Joshua, mkono ameunyoosha kuelekea bega la mwanawe, lakini hakuthubutu kumgusa.